Kitambaa Cheupe cha Kila Ijumaa

Machimboni kule malori hayakufa kwa uzee. Yalikufa kwa kuvuta vumbi, na jamani, jambo lenyewe lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho, ila watu wakishazoea ubaya huuita kawaida. Barabara ya kushuka shimoni ilikuwa vumbi tupu, jeupe, laini kama unga. Lori la mbele likipita, unga unanyanyuka mpaka juu ya kioo, na lori la nyuma linaunywa wote. Mwaka mmoja, ukizidi sana mwaka na miezi, injini inaanza kukohoa. Inakunywa oili, inatoa moshi wa bluu, mlima inaupanda kwa kubembelezwa. Basi inavutwa kwa mnyororo mpaka gereji ya Fundi Mkuu, inashushwa, inatiwa ringi mpya na pistoni mpya, halafu lori linarudi shimoni kuanza kufa upya.

Aliyekuja kuuliza kwa nini iwe hivyo alikuwa mwanamke, tena dada yake huyo huyo Fundi Mkuu, dada wa toka nitoke. Walimwita Pumzi, maana lori lolote likiletwa mbele yake, hata kama shida yake ni taa, swali lake la kwanza lilikuwa: "Linapumuaje?" Madereva walimcheka mpaka wakachoka, jina likabaki.

Ufundi alifundishwa na kaka yake. Baba yao alipofariki, wajomba walitaka binti apelekwe akajifunze kushona. Kaka akawakatalia katakata. "Mwacheni huyu," aliwaambia, "mkono wake unasikia nati." Na kweli ulisikia. Miaka kumi na saba akafanya kazi kwenye kona ya gereji ya kaka yake, nyuma ya mapipa ya oili chafu, na bado wateja wakiingia humkuta kashika spana, mikono myeusi hadi viwikoni, wakamwuliza, "Samahani dada, fundi yuko wapi?" Unaona maudhi hayo? Yeye hunyoosha kidole kwa kaka yake, akaendelea na kazi.

Siku moja alilala chini ya lori akatoka anacheka peke yake. Mdomo wa bomba la kuvutia hewa ulikuwa chini kabisa, nyuma ya gurudumu la mbele, pale pale vumbi linapotimka.

"Hivi nani aliyeamua kuiweka pua mguuni?" aliuliza.

Akamfuata mwenye machimbo, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, akamwomba lori moja tu. Tajiri alikuwa mtu wa kuhesabu maneno. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Fundi Mkuu aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Wewe unasemaje?"

"Namdhamini," alisema kaka. "Likiharibika, nilaumiwe mimi."

"Basi miezi sita," akasema Tajiri. "Likitoka salama, haya mengine kumi na moja yote yatakuja kwake, na nitampa lile banda tupu nyuma ya mizani afungue gereji. Likifa kabla, asiniletee tena mabomba yake hapa."

Pumzi alitoka mle ofisini miguu haigusi chini. Kumi na moja! Na banda lenye mlango wake mwenyewe, ambapo mtu akiingia akauliza fundi yuko wapi atajibiwa, "Unamwona mbele yako." Hicho ndicho alichokitaka maishani, wala hakukificha.

Kazi aliifanya siku nne. Alilikata bomba la zamani akachomelea jipya, likapanda nyuma ya kichwa cha lori mpaka juu ya paa, mdomo ukatazama nyuma, ukavikwa kofia ya mvua. Juu yake alifunga bakuli la plastiki nene lenye mapanga madogo ndani, hewa ikiingia inazungushwa, vumbi zito linatupwa pembeni na kuanguka bakulini, na dereva analimwaga kila jioni. Kile kisanduku kidogo cha filta alikitupa. Akatafuta kwenye vyuma chakavu sanduku la basi bovu, pana mara mbili, akalitia filta mbili mpya alizonunua Tajiri: kubwa ya nje ya kufanya kazi, na ndogo ya ndani ya kuokoa jahazi siku ile kubwa ikipasuka. Maungio yote yalipata mpira mpya. Mwisho akamwekea dereva geji mbele ya usukani, mshale wake unapanda kidogo kidogo kadiri filta inavyoziba.

Dereva wa lori lile alikuwa Kasuku, na jina lake halihitaji maelezo. Mtu yule aliongea hata akipiga mswaki.

"Sikiliza," Pumzi alimwambia. "Mshale usipofika kwenye nyekundu, sanduku hili halifunguliwi. Kila ukilifungua unalikaribisha vumbi. Na nikusikie umeitoa filta ukaigonga tairini, tutagombana mimi na wewe."

"Dada, miaka yote asubuhi nagonga filta. Sasa mkono wangu utafanya kazi gani?"

"Utawapungia watu."

Yeye mwenyewe alibakiza ukaguzi mmoja. Kila Ijumaa Kasuku anaposhuka kwenda kula, Pumzi hulegeza bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, anaingiza mkono na kitambaa cheupe, anafuta ndani. Kikitoka cheupe, injini inavuta hewa safi. Kikitoka na rangi, kuna mahali vumbi limepata mlango. Kitambaa kile hakikuwa na siasa.

Miezi minne kilitoka cheupe. Lori likapanda mlima na mzigo kamili huku mengine yanahema nyuma yake, oili haikupungua hata kidogo, na Kasuku akawa hakamatiki. Aliwapigia wenzake honi kwa nyuma, akawatolea kichwa dirishani. "Sogeeni wagonjwa wapite wazima!" Madereva wakaanza kumfuata Pumzi hadi konani kwake, kila mmoja anataka lake litiwe bomba. Ikawa zamu yao kumbembeleza.

Fundi Mkuu alicheka nao. Alimpiga dada yake begani, akasema, "Umenitoa kimasomaso." Ila kuna mchana Pumzi alimkuta amesimama chini ya ule mnyororo wa kunyanyulia injini, mikono nyuma, anautazama. Akamwuliza kulikoni, akajibiwa kwamba unahitaji grisi. Akaamini. Kwa nini asiamini? Huyu ndiye aliyemlea.

Mwezi wa tano ulipoanza, mama yao alianguka bafuni akavunjika nyonga. Kaka ndiye aliyeleta habari, na ndiye aliyepanga kila kitu pale pale.

"Nenda wewe. Mama anahitaji mtoto wa kike wa kumgeuza na kumwogesha. Mimi nitabaki."

"Na lori?"

"Lori niachie. Kitambaa na mimi sijui kukishika? Nitakupigia picha kila Ijumaa, roho yako itulie."

Wiki tatu Pumzi alilala sakafuni pembeni ya kitanda cha mama yake. Na kila Ijumaa, kweli, picha iliingia kwenye simu: kiganja cha kaka yake, na juu yake kitambaa cheupe pe. "Safi. Msalimie Mama." Mama alionyeshwa kila picha. "Mwanangu huyo," alisema, "hana mfano." Na Pumzi akaitikia kwa moyo mmoja kwamba hana.

Aliporudi alipitia machimboni kwanza, hata begi hajalitua. Alimkuta Kasuku amekaa kwenye ngazi ya lori, kashika tama, kimya. Kasuku kimya! Pumzi akajua kuna msiba.

"Nani amekufa?"

"Sikutaka kukusumbua na ugonjwa wa Mama," alisema Kasuku. "Lori limechoka, dada. Mlima linaupanda kwa gia ya kwanza. Oili naongeza kila asubuhi. Jana nimefungua kifuniko cha oili, moshi ukanipiga usoni."

"Na mshale wa geji?"

"Ah, mshale ndio ulionipa moyo. Umelala chini kabisa, wiki tatu haujapanda hata unywele."

Pumzi akalitua begi. Kwenye vumbi kama lile mshale lazima upande, leo kidogo, kesho kidogo. Mshale usiopanda kabisa maana yake hewa haipiti tena kwenye filta, imeona njia ya mkato.

Alilegeza bomba, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akafuta. Kitambaa kilitoka rangi ya udongo. Alikisugua kati ya vidole akasikia chenga zinasaga. Akafungua sanduku. Filta ndogo ya ndani haikuwamo, imeondoka na njia yake. Ile kubwa ilikuwepo, lakini mpira unaozunguka mdomo wake, ule unaozuia hewa kupenya pembeni, ulikuwa na pengo la urefu wa kidole. Pengo lenyewe limekatwa kwa wembe, ncha zote mbili zimenyooka, na kipande kilichotolewa kimetumbukizwa humo humo sandukuni. Panya hakati hivyo, wala joto halipasui hivyo.

Akili yake ilikimbilia kwa maadui. Labda wale wauza ringi na pistoni. Labda dereva mmoja mwenye wivu. Alikuwa bado anawapanga maadui zake foleni alipoiangalia tena klipu aliyoikatia waya sasa hivi bila kuwaza, ile ya kukaza kifuniko cha sanduku.

Klipu ilikuwa imefungwa waya mwembamba wa shaba ili isilegee kwa mtikisiko. Waya umesokotwa mara tatu, na ncha yake imekunjwa ndani, imebanwa chini ya klipu.

Sasa ngoja niwaambie habari ya ncha ile. Pumzi alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano, alipenyeza mkono nyuma ya injini, ncha ya waya ikamchana kiganja kutoka kidole gumba hadi kifundoni. Kaka yake alimbeba mgongoni mpaka zahanati, damu inamtiririkia kwenye shati. Tangu siku hiyo Fundi Mkuu hakuacha ncha ya waya ikitazama nje. Anasokota mara tatu, anakunja, anabana. "Asije mtu akaumia," husema. Hakuna fundi mwingine mji mzima aliyejisumbua hivyo. Pumzi mwenyewe hakutumia waya kabisa, alitumia nati za kujikaza. Na sanduku lile halikuwa na sababu ya kufunguliwa, maana kitambaa kinapita kwenye bomba.

Basi mtu alifungua, akaitoa filta ya ndani, akakata mpira kwa wembe, akajua kabisa kwamba atakayekuja kuingiza mkono hapa ni dada yake, na akaikunja ncha ya waya ili mkono wa dada yake usichanike. Mkono upone, injini ife. Jamani! Pumzi alikaa juu ya tairi la akiba akalia mbele ya watu, hakujali nani anamtazama. Kasuku alimletea maji ya kunywa.

Alimkuta kaka yake gerejini ananawa mikono kwa dizeli, mchana ule mafundi wengine wamekwenda kula. Aliuweka ule waya mezani. Fundi Mkuu aliutazama, asiulize ni nini.

"Kaka, niambie si wewe," alisema Pumzi. "Niambie tu, nitakuamini, nakuapia."

"Mama anaendeleaje?"

"Usimtaje Mama! Niambie si wewe."

Alijifuta mikono kidole kimoja kimoja, bila haraka. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, lakini pale alionekana kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Malori kumi na mawili yasipokufa," alisema mwishowe, "mimi nitashusha injini ya nani? Ya cherehani? Fikiria na wewe. Mafundi sita wananitegemea hapa."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba mwanafunzi wangu ananitoa kazini na mimi nimesimama napiga makofi?"

"Lakini ulinidhamini! Ulisimama mbele ya Tajiri ukasema ulaumiwe wewe!"

"Nilidhani halitafanya kazi!"

Alisema kwa sauti ya juu, halafu akashtuka kusikia alichokisema. Ila lilikuwa limeshatoka.

"Nilijua litakufa lenyewe mwezi wa pili," akaendelea kwa sauti ya chini. "Ungelia siku mbili, ungerudi konani kwako, tungeendelea kama zamani. Halikufa. Wewe ulifanya kazi nzuri mno, Pumzi."

Kukatwa mpira kulimuuma, lakini hili lilimkata maini. Miezi mitano alikuwa akitembea kifua mbele kwa sababu kaka yake alimwamini, kumbe siku ile ile mlangoni kwa Tajiri alishamhesabu kuwa kashindwa. Ule udhamini ulikuwa kilemba cha ukoka. Na picha zile! Alinunua kitambaa kipya, akakipiga picha kiganjani, akamtumia mama mgonjwa salamu juu yake.

Kuna jambo Fundi Mkuu hakulijua. Mwezi wa kwanza tu, Tajiri alimwita Pumzi peke yake akamwonyesha karatasi ya makubaliano ili wakati ukifika wasipoteze muda. Pumzi aliikataa. Alisema haweki saini kwenye kazi ambayo kaka yake hayumo, yaandikwe majina mawili, na la kaka litangulie. Kushusha injini kukipungua, kutakuwa na mabomba ya kufunga, masanduku ya kutengeneza, filta za kubadilisha, kazi ya watu kumi. Alitaka kumshtukiza siku miezi sita ikitimia. Sasa, pale mbele ya waya, maneno hayo aliyameza. Hakumwambia. Mtu akikuchoma namna ile humpi zawadi.

"Nisikilize," alisema kaka. "Mama hajapona. Akisikia haya, tutamzika. Kesho Tajiri anatuita tumweleze. Nitamwambia filta ilikuwa mbovu tangu dukani. Nitamwambia bomba lako halina kosa, akupe lori lingine na miezi sita mingine. Nakuapia kwa kaburi la Baba. Na wewe usinitaje."

Pumzi alimfikiria mama yake, na zile picha alizokuwa akizibusu. "Kwa ajili ya Mama," alisema. "Si kwa ajili yako."

Ofisi ya Tajiri ilikuwa chumba kidogo chenye feni inayolia, vipande vya mawe vimepangwa dirishani kwa ukubwa, na nje mizani ya kupimia malori. Juu ya meza, kwenye gazeti, zilikuwa pistoni na ringi zilizotolewa asubuhi ile. Ringi zimelika mpaka zinakata kama wembe, na pistoni zina mikwaruzo ubavuni.

"Fundi Mkuu," alisema Tajiri, "wewe ndiye mwenye macho. Nieleze."

Kaka alianza vizuri. Alisema vumbi limepita, ndiyo, lakini mpango wa bomba ni mzuri, isipokuwa filta ilikuwa mbovu tangu dukani.

"Mbovu?" Tajiri alikunja uso. "Filta zile nimezinunua mimi kwa mkono wangu. Za duka hilo hilo ziko kwenye kreni na kwenye gari langu mwenyewe. Mbona huko hazina ubovu? Au unaniambia mimi nimeuziwa takataka?"

Feni ikalia juu yao. Pumzi alimkazia macho kaka yake, na huku moyoni anamwombea, maskini, anamwombea asimame imara.

"Hapana, Tajiri," alisema kaka. "Basi niseme ukweli. Mpira wa filta haukukaa. Dada alilifungua sanduku siku aliyoondoka, alikuwa na haraka, habari za Mama zilishamvuruga, akili haikuwa hapa. Binadamu husahau. Mimi naomba tumsamehe."

Tumsamehe! Mnamsikia?

"Kaka," aliita Pumzi. Kaka alikuwa anayatazama mawe ya dirishani kana kwamba anataka kununua.

Basi Pumzi akasimama. Alitoa mfukoni kile kipande cha mpira akakiweka juu ya gazeti, karibu na pistoni. "Mpira huu ulikatwa kwa wembe," alisema. "Na filta ya ndani iliondolewa. Mimi nilikuwa kwa Mama wiki tatu. Aliyefungua sanduku ni huyu. Jana amekiri kwangu kwa mdomo wake."

Tajiri alikigeuza kile kipande, akakirudisha. Akawatazama wote wawili kwa muda mrefu.

"Binti," alisema, "huyu namjua miaka ishirini. Ndiye aliyekudhamini hapa hapa. Sasa hivi ametoka kukuombea msamaha. Na mpira hata wewe waweza kuukata. Mtu akishindwa, akubali, asipake wenzake matope."

Alivuta mtoto wa meza akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Na kinachonishangaza zaidi," akaendelea, "ni wewe mwenyewe uliyenikalia hapa mwezi wa kwanza ukasema bila kaka yako huweki saini. Nikaandika upya. Angalia, Fundi Mkuu. Jina lako hili juu, lake chini. Kazi yote ya malori, nusu kwa nusu. Leo huyo huyo anakuchongea."

Fundi Mkuu aliipokea. Alisoma jina lake, akalirudia, midomo inacheza.

"Lini hii?"

"Nimeshasema. Mwezi wa kwanza."

Nje lori liliingia mizanini likatoka. Halafu kaka akaiweka karatasi mezani, akasema kwa sauti iliyokauka, "Tajiri, anachosema ni kweli. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekata."

Tajiri alimtazama, akatikisa kichwa, na machoni kwake, kama mnaniamini, kulikuwa na unyevu kidogo.

"Unamwona huyu?" alimwambia Pumzi. "Umemchafua mbele yangu, na bado anataka kukubebea mzigo wako. Kaka kama huyu humpati mara mbili."

"Ni kweli nakuambia!" Fundi Mkuu alipaza sauti. "Nilikata kwa wembe! Filta ya ndani iko kwangu, kabatini!"

"Inatosha. Mtu anayeletewa injini kila mwezi akate mpira ili iweje? Usijivunjie heshima kwa ajili yake." Tajiri aliikunja karatasi, akaichana mara moja, akaitupa kapuni. "Injini utairudisha wewe. Bomba lile uling'oe, lori lirudi lilivyokuwa. Na yale mawili yanayotoa moshi nitakuletea Jumatatu."

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali, vumbi linapanda kutoka shimoni, malori yanapita kwa foleni yakilivuta. Fundi Mkuu alimfuata dada yake mpaka karibu na mizani, anapumua kwa shida.

"Nimesema," alimwambia. "Umenisikia, nimesema mbele yake. Yeye ndiye aliyekataa kuamini. Nifanye nini zaidi?"

Pumzi aligeuka. Hakuwa analia tena, machozi yote aliyamaliza juu ya tairi.

"Umesema baada ya kuona jina lako kwenye karatasi."

Kaka aliinama kulichukua sanduku la vifaa ambalo dada yake alilihamisha gerejini asubuhi ile, apate tu kitu cha kubeba, na Pumzi akaliwahi mwenyewe.

"Mama je?" aliuliza Fundi Mkuu. "Mama atauliza kwa nini umeondoka gerejini. Utamwambia nini?"

"Utamwambia wewe," alisema Pumzi. "Mimi miaka yote nimemsimulia mazuri yako, na nimechoka."